Lori Lililorudi Tupu

Kabla hujamwuliza dereva swali lolote, inama kidogo utazame springi za nyuma za lori lake. Salimia kwanza, maana huku kwetu ukimruka mtu mzima bila shikamoo, hata ukiwa na barua ya wizara mfukoni, utarudi na majibu ya uongo. Lakini ukishasalimia, inama, ujifanye unafunga kamba ya kiatu. Springi zilizoinuka zinasema gari ni jepesi. Springi zilizolala zinasema gari lina kitu, na mwenye gari atakuambia akiona kuna sababu ya kukuambia. Mimi nilivaa viatu vya kamba miaka yangu yote ya kazi kwa ajili hiyo tu.

Nawaandikia ninyi vijana mnaopita hapa Mogitu na vishikwambi vyenu. Mmesikia kuna mama mstaafu aliyewahi kupima moshi na mafuta ya malori katika Mbulu na Hanang, mnakuja kunisalimia, mnakunywa maziwa yangu, halafu mnaomba mbinu. Mbinu yangu ni kutoamini. Msimwamini dereva, msiiamini geji ya mafuta, msiyaamini maswali mliyopewa mkaulize, na zaidi ya wote msimwamini aliyewatuma. Najua mkitoka hapa mnasema yule mama ana roho mbaya. Semeni tu, maziwa mmeshakunywa.

Kazi yetu ilikuwa na jina kubwa, uchumi wa mazingira. Mama yangu mzazi alifariki hajaelewa nilikuwa nafanya nini. Niliwahi kumweleza kwamba tunatafuta dizeli kiasi gani inateketea mpaka gunia la vitunguu saumu litoke Dongobesh lifike Katesh, na moshi wake unamgharimu nani. Akafikiri, akaniuliza, "Kwani gari ikishapita, moshi si imeshaenda?" Nikamwambia ndiyo, mama, na sisi tunalipwa kuufuata huko unakokwenda. Alinionea huruma, nadhani alijua nimekosa mume kwa sababu ya kazi hiyo.

Lakini moshi hauendi mbali. Unaingia kwa mama anayeuza mahindi ya kuchoma pale gari linapobadilisha gia mlimani, unaingia kwa watoto wa shule iliyo kando ya barabara. Dereva analipa dizeli, ila kifua cha yule mama hakilipii. Hicho ndicho tulichokuwa tunakitafuta: nani anachafua, nani anaumia, na sheria gani itamfanya anayechafua abebe gharama yake bila kumwua njaa. Ni kazi nzuri. Nisingependa mfikiri naidharau.

Aliyenifundisha alikuwa Daktari. Jina lake halina haja hapa. Alikuwa daktari wa vitabu, si wa sindano, na kila kijiji tulichoingia watu walimletea wagonjwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba geji ya lori ni mwongo, na kwamba kipimo cha kweli ni kujaza tenki hadi shingoni kabla ya safari, kisha kulijaza tena hadi shingoni baada ya safari; ulichoongeza ndicho kilicholiwa. Inaonekana kitu rahisi. Basi nenda ukajaribu. Dizeli inatoa povu, na muuza mafuta ana haraka, anakuambia imejaa kumbe limejaa povu. Subiri litulie. Halafu lori lisimame palepale liliposimama mwanzo, maana likilala upande mmoja tenki linameza zaidi. Pale sheli ya Katesh nilichora alama ya chokaa chini, magurudumu yakanyage hapohapo. Muuza mafuta akaniuliza kama ni mambo ya kienyeji. Sikumkatalia, kwa sababu kuanzia siku hiyo hakuna aliyeifuta.

Tulikuwa pia na kadi ya kupimia moshi. Ni kadi ngumu yenye vivuli vya kijivu, kutoka cheupe hadi cheusi tii. Unasimama mahali, jua likiwa mgongoni, unainua kadi, unalinganisha na moshi unaotoka kwenye ekzosi. Madereva walidhani ni ya faini. Mmoja wa Balangdalalu aliposikia ninakuja aliloweka kipande cha gunia akakisokomeza kwenye ekzosi ili moshi usionekane. Kweli haukuonekana, na gari nalo halikuwaka tena, likasukumwa na watu hadi kwa fundi. Kwa sababu ya kadi hiyo wakaniita Mama Moshi. Sasa huko Balangdalalu, ambako ndiko nilikozaliwa, walioingia baadaye na hawanijui wakadhani natoka mjini Moshi, na mzee mmoja wa duka aliendelea kunisalimia Kichaga kila nilipopita. Nilishamjibu mara moja kwa kutania, nikashindwa kurudi nyuma.

Jambo jingine Daktari alilonifundisha alilisema siku ya kwanza, tukiwa tumeegemea boneti ya gari: "Usiandike unachoambiwa mpaka umeona kitu cha pili kinachosema hivyohivyo." Nililishika neno hilo kuliko yeye mwenyewe alivyolishika. Mtaona.

Mradi wetu wa mwisho ulihusu malori ya Dongobesh. Wakubwa walikuwa wanafikiria sheria ndogo: malori ya zamani yasiruhusiwe tena kushusha mazao kutoka kule juu, kwa sababu ya moshi. Vitunguu saumu, maharage, vyote vingechukuliwa na malori makubwa mapya ya kampuni moja ya usafirishaji, ambayo ningeweza kuitaja lakini sitaitaja. Sisi tulitakiwa kupeleka takwimu. Sasa mtu asiyeshuku angefurahi: malori mapya, moshi kidogo, vifua salama. Mimi nililitazama gari tulilopewa la kuzungukia utafiti. Lilikuwa jipya, lina kiyoyozi, viti bado vina nailoni. Nikamwuliza Daktari limetoka wapi. Akasema, "Wadau wa maendeleo." Neno wadau likitamkwa, mimi hukumbatia mkoba wangu.

Tulianza kuwauliza madereva. Maswali yalikuwa yametafsiriwa mjini na watu wa mjini, na moja liliuliza: ulishuka na mzigo gani, ulirudi na mzigo gani? Wa kwanza niliyemkuta pale Dongobesh alikuwa Fabiano. Alikuwa na lori lake la bluu, zee, mlango mmoja umefungwa kwa waya. Ndilo lililokuwa likilisha nyumba yake na watoto wa marehemu kaka yake. Sheria ile ikipita, lori lile lingekuwa banda la kuku, na Fabiano angekwenda kuomba kazi ya udereva kwa kampuni hiyohiyo, akiwa na leseni iliyokunjamana na macho yaliyoanza kupungua nuru. Alilijua hilo. Nami nililijua.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba. Habari za barabara?"

"Barabara iko tu. Nyinyi ni wa ushuru?"

"Hapana. Ni wa utafiti."

"Utafiti ya ushuru," akasema, na hakuwa anauliza.

Nikamwuliza anashuka na nini. Vitunguu saumu. Anarudi na nini? Akanitazama kama ninayemuuliza jina la mbwa wake. "Tupu," akasema.

Dereva wa pili akasema tupu. Na wa tatu. Barabara nzima, kila aliyepanda ule mlima wa Dareda kurudi nyumbani alirudi tupu. Daktari alifurahi akasugua viganja. Niwaeleze kwa nini, kwa sababu hapa ndipo hesabu yote ilipolala. Sisi hatupimi moshi wa gari peke yake. Tunachukua dizeli yote ya kushuka na kupanda, tunaigawa kwa vitu vilivyosafirishwa. Kama lori limerudi tupu, basi dizeli yote ya kuukwea mlima inabebeshwa vile vitunguu saumu vilivyoshuka. Kitunguu saumu cha watu kinaonekana kichafu kuliko makaa ya mawe, na lori lililokibeba linaonekana halifai kuwepo duniani.

Na dizeli ya kupanda ilikuwa nyingi mno. Nilikuwa nimeipima mwenyewe, povu limetulia, magurudumu kwenye chokaa. "Unaona," Daktari akasema, "gari tupu linakula hivi! Hizo ni injini mbovu tu. Ziondoke."

Sikuiamini hesabu hiyo. Siku chache baadaye nilikaa chini ya mlima na kadi yangu, nikamwona Fabiano anapanda. Lori lilikuwa limefunikwa turubai, kwenye gia ya kwanza, linalia, linatoa moshi wa kivuli kile cha mwisho kabisa cha kadi. Alipopunguza mwendo kunisalimia, niliinama kwenye kamba ya kiatu. Springi zilikuwa zimelala kifudifudi.

"Umebeba nini, Fabiano?"

"Tupu, mama!" akajibu kwa furaha, akaendelea kupanda.

Nikajisemea, mwizi huyu. Nilishuku mkaa. Nilishuku mbao. Nilimshuku hata kwa mifugo ya watu, Mungu anisamehe. Na kwa kuwa wote walisema tupu, nikashuku barabara nzima, kwamba kuna magendo ambayo Dongobesh yote inayajua isipokuwa mimi. Sikumwambia Daktari. Nilimwendea Fabiano siku aliyoshuka Katesh, nikamwomba nipande naye kurudi. Hakupenda. Alizunguka lori lake, akapiga teke gurudumu ambalo halikuwa na tatizo, akasema, "Haya, ila kiti iko na msumari." Kweli ulikuwepo.

Tulianzia dukani kwa Saidi, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi pale Katesh. Saidi alikuwa ameshatoa nje mabati, yamefungwa kamba, yana jina la mtu limeandikwa kwa chaki. Yakapakiwa. Ikapakiwa mifuko ya saruji. Ukapakiwa mlango wa mbao wenye msalaba, wa kigango fulani kule juu. Likapakiwa godoro jipya bado liko kwenye nailoni, na magunia ya chumvi ya ng'ombe, na cherehani, na mbuzi mmoja aliyenipinga waziwazi. Kisha tukapita hospitali, tukamchukua Bibi Marselina, jirani yake Fabiano, mguu wake umefungwa bandeji. Nikampa shikamoo yake, akaitikia, akakaa katikati yetu na fimbo yake ikawa inaingia kwenye gia. Hapa Mogitu tukaongeza mbegu za mahindi. Bodi ilikuwa imejaa hadi turubai likakataa kufunga.

Nikaona sasa nimemshika. "Fabiano," nikasema, "huu wote si mzigo?"

"Hapana, mama. Hizi ni salamu."

"Salamu?"

"Za watu. Huyu ni jirani, huyu ni shemeji, huyu tunasali pamoja."

"Wanakulipa?"

Bibi Marselina akageuka akanitazama kwa mara ya kwanza. "Binti yangu," akasema, "wewe umezaliwa wapi?"

Fabiano ndiye aliyenieleza, taratibu, tukiwa tumeshaanza kupanda na lori linaunguruma kiasi cha kutufanya tupige kelele. Mzigo ni kitu cha mtu usiyemjua. Dalali anakupa, mnapatana, unabeba. Kitu cha mtu wenu ukikiita mzigo umemtukana. Umemwambia anakulemea. Kwa hiyo mtu anapeleka salamu Katesh kwamba anahitaji mabati, na mabati yanakuja yakiwa salamu za kurudi, na siku yako ikifika analima shamba lako, au mkewe anakaa na mgonjwa wako, na hakuna anayehesabu. Dereva akiulizwa amerudi na mzigo gani, anajibu kweli tupu: hakuna.

Ndipo nikamkumbuka baba. Alikuwa na punda, na alipotoka mnadani punda yule alikuwa hatembei vizuri kwa chumvi ya Ziwa Balangida aliyobebeshwa, chumvi ya majirani. Mama akimwuliza umeleta nini, baba alisema, "Sijabeba kitu." Nilikua nikidhani baba yangu ni mtu wa utani. Nilicheka mle ndani ya lori mpaka Bibi Marselina akafikiri ni ule msumari.

Juu ya mlima kulikuwa na geti. Mlinzi alikuja na kofia yake, akauliza, "Umebeba nini?"

"Tupu," akasema Fabiano, mbuzi akilia nyuma yetu.

Mlinzi akazunguka, akainua turubai, akachungulia. Nikasubiri vurugu. Akatoa kichwa na kuuliza kwa sauti ya chini, "Godoro yangu haijapata maji?" Kisha akainua kizuizi, tukapita.

Nilirudi kwa Daktari nimejaa furaha, ambayo kwa mtu kama mimi ni jambo la hatari. Nikamweleza yote. Yale malori hayarudi tupu hata siku moja. Yanajenga nyumba za kule juu bati moja moja. Dizeli ile ya kupanda tukiigawa ipasavyo, picha inageuka. Na malori mapya ya kampuni, yale machache yaliyokwisha kuanza kupita, nilikuwa nimeyatazama springi zake: yale ndiyo yanayorudi tupu kwelikweli, kwa sababu hakuna anayemjua dereva wake hata amtume.

Daktari alinisikiliza akiangalia simu. "Dereva amesema tupu," akasema. "Sisi tunaandika kinachosemwa."

"Wewe ndiye uliyenifundisha nisiandike ninachoambiwa."

"Basi mlete dereva aseme mwenyewe, mkutanoni, kwamba anarudi na mzigo. Akisema, nabadilisha."

Nikamtazama. Mpaka leo sijui kama alikuwa mvivu, au alikuwa ameambiwa majibu kabla ya maswali. Wote wawili wana sura ileile. Ninachojua ni kwamba alibadili mazungumzo kila nilipolitaja lile gari lenye kiyoyozi, na mimi nimechagua kushuku. Mkiniona nimekosea, thibitisheni.

Nilikwenda kwa Fabiano nyumbani kwake Dongobesh. Nilimwambia ukweli mtupu: mkutano unakuja, mtu mmoja tu akisimama akasema anarudi na mzigo, lori lako litapona. Sema neno moja tu. Alikuwa anafunga waya wa ule mlango wa lori. Akaendelea kuufunga.

"Siwezi, mama."

"Kwa nini?"

"Nitamwambia Bibi Marselina ni mzigo? Mbele ya watu?" Akavuta waya. "Na nikisema mzigo, kesho getini wataniuliza risiti ya mlango ya kanisa. Leo wanaandika, kesho wanatoza. Wewe mwenyewe unajua. Wewe hujawahi kuamini mtu."

Hapo alinishika. Nilikuwa ninamwomba aniamini mimi, na mimi nisingemwamini mtu kama mimi. Maana kweli, mara ngapi nimeona kitu kikihesabiwa kwa nia njema, na msimu uliofuata kikaja na kibandiko cha ushuru? Nilirudi nyumbani na hasira, zaidi juu yangu. Ningeweza kusimama mkutanoni niyaseme mwenyewe, lakini Daktari alishaniambia maneno yangu ni ya msaidizi, na salamu zile hazikuwa zangu kuzitoa.

Mkutano ulifanyika katika darasa la shule pale Dongobesh, watu wazima wamekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Daktari alionyesha picha ukutani, michoro ya rangi, mshale mwekundu unaopanda. Madereva walikaa upande mmoja, kofia magotini. Wageni wawili wenye mashati yaliyopigwa pasi walikaa mbele na hawakujitambulisha. Nikawashuku hao pia. Daktari alipomaliza, nikanyoosha mkono, nikaomba Fabiano aulizwe swali lile upya, mbele ya wote. Daktari akatabasamu. Alikuwa anajua.

"Bwana Fabiano. Ukishapeleka vitunguu saumu Katesh, unarudi na mzigo gani?"

Fabiano akasimama. Akatazama watu, akatazama mikono yake. Nilimwona akilishika lile neno, nikaona jinsi lilivyokuwa zito mdomoni. Nilikuwa nimekaa nimejikunja, kwa sababu nilijua watoto wale wa kaka yake wanakaa nyumba ya nne kutoka pale shuleni.

"Tupu," akasema. Akakaa.

Wageni wenye mashati wakaandika. Daktari akafungua mdomo kuendelea. Ndipo fimbo ikagonga sakafu, na Bibi Marselina akaanza kusimama, jambo lililochukua muda wake kwa sababu ya mguu.

"Mwongo," akasema.

Darasa zima likamgeukia. Fabiano akainamisha kichwa.

"Huyu kijana ni mwongo. Siku ile alinitoa hospitali. Mguu hii ilikuwa haikanyagi. Alinibeba mgongoni kutoka kwa lori mpaka kitandani kwangu. Mnauliza amerudi na nini?" Akajipiga kifuani. "Mimi ndio mzigo. Andika. Mimi, Marselina, ni mzigo ya Fabiano."

"Bibi, hapana," Fabiano akasema, akaanza kuinuka.

"Kaa chini! Umenistahi ya kutosha. Leo mimi nasema mwenyewe."

Sijui niwaelezeeje. Mtu wa mjini angesikia bibi kikongwe anachekesha. Watu wa pale walisikia mama mtu mzima anajivua heshima yake hadharani ili mtu mwingine abaki na lori. Mwanamke mmoja nyuma yangu alianza kulia. Kisha katekista akasimama, akasema mlango wa kigango ni mzigo. Mzee wa mabati akasimama. Mwenye cherehani akasimama. Mmoja akasema yeye ni mbuzi, watu wakacheka, akajirekebisha. Na nyuma kabisa mlangoni, yule mlinzi wa geti, kofia mkononi, akasema kwa aibu, "Na godoro."

Daktari alibadilisha hesabu, kwa sababu mbele ya watu wote wale hakuweza tena kuandika tupu. Sheria ile iliwekwa kando. Kuwekwa kando si kufutwa, na mimi bado naulizia kila nikipata mtu wa kuulizia. Wala msifikiri lori la Fabiano likawa malaika. Lilikuwa linatoa moshi mchafu, nilimwambia hivyo usoni pake, nikamfuata mpaka akasafisha nozeli na kubadilisha chujio, na moshi ukarudi vivuli viwili vizima kuelekea cheupe kwenye kadi yangu. Yule mama wa mahindi ya kuchoma anastahili hilo. Kushuku kwangu hakuna upendeleo.

Na hofu ya Fabiano haikuwa ya bure. Baada ya mavuno, mtu mmoja mwenye kalamu shatini alinipigia simu kuniuliza, kwa upole sana, kama salamu zinaweza kukadiriwa uzito. Nikamwambia mtandao unakatika. Akapiga tena, ukakatika tena. Mtandao wa Mogitu ni mbaya sana mtu akiutaka uwe mbaya.

Sasa ninyi mnaulizia mbinu, na nimewapa: shingo ya tenki, povu, chokaa, kadi, kamba ya kiatu. Chunguzeni maneno kuliko mnavyochunguza injini. Swali likijibiwa na watu wote kwa neno moja, msishangilie. Kaeni chini muulize neno hilo hapa lina maana gani. Lakini kuna siku moja ambayo sijui niiweke wapi kati ya hayo yote, kwa hiyo nawaachia kama ilivyo.

Bibi Marselina alifariki mwaka huu, hospitalini kulekule Katesh. Asubuhi ile Fabiano alipita hapa Mogitu na lile lori la bluu, akanikuta nimeshavaa. Hakukuwa na mabati wala chumvi. Saidi alikuwa ameondoa kila kitu, akasema salamu zote zitasubiri. Nyuma kulikuwa na jeneza peke yake, limefunikwa shuka, na shada moja la maua ya plastiki. Tulipanda mlima. Kile kiti cha katikati kilikuwa wazi, gia ilikuwa inaingia bila shida, na nilitamani ile fimbo.

Getini alikuwa mlinzi yuleyule. Alikuwa hajasikia. Akaja na kofia yake, akatabasamu, akauliza kama kawaida, "Umebeba nini?"

Fabiano aliweka mikono yote miwili kwenye usukani.

"Leo nina mzigo, kaka," akasema.

Mlinzi akatazama nyuma, akavua kofia, akaenda kuinua kizuizi. Nami nikafungua mlango, nikashuka, nikaenda upande wa nyuma, nikainama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Springi zilikuwa zimeinuka juu, za gari tupu.